Winchi ya viroba si winchi ya watu: njia nafuu za kushuka na kupanda duarani

Katika machimbo mengi madogo ya dhahabu ya Geita, Kahama na Shinyanga, kamba ileile inayopandisha viroba vya mawe ndiyo inayoshusha na kupandisha watu. Mchimbaji anaweka mguu kwenye kitanzi, anashika kamba kwa mikono miwili, walio juu wanaachia taratibu, naye anazama gizani mita 30, 40 au zaidi. Jioni anarudi kwa njia hiyohiyo, safari hii akiwa amechoka na mikono imelowa tope.

Kila maafa yanapotokea machimboni tunazungumza juu ya kufukiwa, na ni haki. Tunakumbuka Nyangarata, Kahama, ambako wachimbaji walifukiwa Oktoba 5, 2015, na watano wakakutwa hai Novemba 15, siku 41 baadaye, wakiwa wameishi kwa wadudu, vyura na maji yaliyochuruzika ukutani. Tunakumbuka mgodi wa RZ Union huko Nyarugusu, Geita, ambako watu 15 walinaswa chini Januari 2017 na wote wakatolewa wazima baada ya siku tatu. Tunakumbuka pia Agosti 11, 2025, pale mgodi wa Chapakazi, Nyandolwa, wilayani Shinyanga, ulipowafukia watu 25.

Lakini kuna hatari nyingine ambayo haingoji mvua wala mtikisiko. Ni safari ya kila siku ya kushuka na kupanda. Kamba ikikatika, breki ikishindwa au mkono ukiteleza, anayeanguka ni mmoja au wawili. Habari yake haifiki mbali, na kesho yake kazi inaendelea.

Wasikilizaji wetu wenye maduara hutuuliza: je, kuna njia ya kushusha na kupandisha watu kwa usalama ambayo mchimbaji mdogo anaweza kuimudu? Jibu fupi ni ndiyo, ila siyo lazima iwe ile inayoonekana ya kisasa zaidi. Tuzipitie moja moja.

Migodi mikubwa wanafanyaje?

Tuanze na majirani zetu wakubwa, maana watu huona kule na kudhani usalama ni jambo la wenye mabilioni tu. Bulyanhulu kuna shimo la wima lenye kina cha takriban kilomita 1, na mashine kubwa ya kupandishia. Mgodi wa Geita, ulioanza kama shimo la wazi mwaka 2000 na baadaye kwenda chini ya ardhi, hutumia njia ya mteremko ambayo magari hupita kuingia na kutoka.

Mchimbaji mwenye leseni ndogo, ile ya PML isiyozidi hekta 10, hawezi kununua mashine ya Bulyanhulu wala kuchonga barabara ya magari chini ya ardhi. Hata hivyo, kinachowalinda watu kule si ukubwa wa mashine peke yake. Kuna kanuni tatu. Kwanza, mtu hasafirishwi kama mzigo. Pili, umeme ukikatika mashine inajifunga yenyewe. Tatu, kuna njia ya pili ya kutokea. Kanuni hizo zinatumika hata kwenye duara la mita 25.

Njia ya kwanza: ngazi

Njia nafuu kuliko zote ni ngazi, na mara nyingi ndiyo inayodharauliwa. Miti inayotumika kupiga matimba inaweza pia kutengeneza ngazi. Haihitaji umeme, mafuta wala fundi kutoka mjini.

Tatizo ni kwamba ngazi nyingi tunazoziona ni vipande vya miti vilivyopigiliwa moja kwa moja kwenye matimba, wima kutoka juu hadi chini bila mahali pa kupumzika. Anayeteleza mita 20 juu anaanguka mita zote 20, na anaweza kuwaangukia wenzake. Ngazi salama hugawanywa. Kila baada ya mita 6 hivi unaweka jukwaa la mbao lenye tundu la kupita mtu mmoja, kisha ngazi inayofuata inaanzia upande mwingine wa jukwaa. Anayeteleza anaishia kwenye jukwaa.

Hapo ndipo gharama inapojitokeza. Ngazi yenye majukwaa inahitaji duara pana zaidi, kwa sababu lazima kuwe na chumba cha ngazi na chumba cha kupandishia viroba, na ukuta wa mbao katikati ili jiwe likidondoka kutoka kwenye kiroba lisimpige aliye kwenye ngazi. Duara pana ni siku nyingi zaidi za kuchimba kabla ya kuufikia mwamba wenye dhahabu. Mwenye mtaji mdogo huliona hilo kama hasara. Sisi tunaliona kama malipo ya mara moja yanayodumu maisha yote ya duara.

Kwa duara lisilozidi mita 30, ngazi nzuri inatosha. Kwa kina kikubwa zaidi, mtu aliyefanya kazi saa nane hupanda akiwa hana nguvu, na hapo winchi inakuwa na maana. Hata hivyo ngazi isiondolewe, kwa kuwa winchi ikiharibika ngazi ndiyo mlango uliobaki.

Njia ya pili: gogo la mkono na mkanda

Machimbo mengi bado yanatumia gogo la kuzungusha kwa mikono, watu wawili juu, kamba ya katani au ya plastiki. Wasioweza kubadilisha leo wanaweza angalau kufanya mambo mawili ya bei ndogo.

La kwanza ni mkanda wa usalama wa mwili mzima, ule unaozunguka mapaja, kiuno na mabega. Tunausisitiza kwa sababu moja. Duarani kuna hewa mbaya, hasa baada ya baruti au pale moshi wa injini unapoingia chini. Mtu anayeshika kamba kwa mikono akizimia, ataachia, maana mikono ya aliyezimia haishiki kitu. Aliyevaa mkanda atabaki ananing'inia na wenzake watamtoa.

La pili ni kizuizi cha kurudi nyuma, yaani chuma chenye meno kinachozuia gogo lisizunguke kinyume hata anayezungusha akichoka au akiteleza. Fundi wa kuchomelea wa Katoro, Masumbwe au Kahama anaweza kukitengeneza.

Kuhusu kamba yenyewe, plastiki huliwa na jua, na katani huoza ikikaa na unyevu. Kamba zote mbili husagika pale zinapopita kwenye ukingo wa mti badala ya kapi. Fundo linaweza kuipunguzia kamba hadi nusu ya nguvu zake. Kamba iliyopandisha viroba mwezi mzima isitumike kwa watu. Weka kamba ya watu peke yake, ya rangi tofauti, na uihifadhi ndani.

Njia ya tatu: winchi ya umeme au ya injini

Umeme wa vijijini umefika karibu na machimbo mengi, na winchi ndogo za umeme zinazotumika kwenye ujenzi wa maghorofa zimeingia madukani. Nyingine huundwa hapahapa kwa kuunganisha injini ya dizeli, gia boksi la gari na ngoma ya chuma.

Winchi hizi zimepunguza mateso ya kupandisha viroba, hilo hatubishi. Shida inaanza pale mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya mzigo inapobebeshwa mtu. Nyingi zimeandikwa na watengenezaji wenyewe kwamba haziruhusiwi kubeba watu, ila maandishi yako kwa Kiingereza au Kichina, na kibandiko hubanduka mapema.

Tofauti kubwa iko kwenye breki. Winchi iliyofaa kwa watu ina breki inayobanwa na springi na kufunguliwa na umeme. Maana yake ni kwamba umeme ukikatika, springi inabana na ngoma inasimama. Winchi iliyoundwa kwa gia boksi la gari mara nyingi inategemea mkono au mguu wa mwendeshaji. Akiteleza, au klachi ikiachia, mzigo unashuka wenyewe. Kiroba kikianguka, utachukua kingine.

Jaribio ni rahisi. Weka mawe yenye uzito unaozidi ule wa watu watakaopanda, yapandishe hadi katikati, kisha zima umeme kwenye swichi kuu. Mzigo ukishuka hata nusu mita, mashine hiyo isibebe mtu.

Baada ya breki kuna mambo mengine manne. Swichi ya kikomo izime winchi kabla kizimba hakijagonga kapi juu. Ngoma ibaki na mizunguko isiyopungua mitatu ya waya hata kizimba kikiwa chini kabisa. Fremu ya juu isimame kwenye ardhi imara, siyo kwenye mbao za mdomo wa duara ambao unaweza kumeguka. Na injini ya dizeli au petroli ikae mbali na mdomo wa duara, upande ambao upepo hauingizi moshi ndani.

Hesabu ya waya

Watu wengi huogopa bei ya waya wa chuma, kumbe si hapo penye gharama kubwa. Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni kwamba waya wa kubeba watu uwe na nguvu mara 10 ya mzigo wote, wakati wa vitu hukubaliwa mara 5.

Tuchukue watu wawili wa kilo 75 kila mmoja, jumla kilo 150. Kizimba kilo 50. Waya wa milimita 10 una uzito wa takriban kilo 0.4 kwa mita, hivyo mita 60 ni kilo 24. Jumla kilo 224. Mara 10 ni kilo 2,240. Waya mpya wa milimita 10 wa ubora wa kawaida hukatika kwenye takriban tani 5. Kwa hiyo unatosha na kubaki.

Waya huo huharibiwa na namna unavyofungwa na kuzungushwa. Usiufunge fundo. Utengeneze jicho lenye chuma cha ndani, kisha ubane kwa klampu zisizopungua tatu, zikiachana takriban sentimita 6. Upande wa klampu wenye tandiko ukae kwenye waya unaobeba mzigo, na ule wa duara ubane mkia. Ukigeuza, unausaga waya wenyewe. Ngoma na kapi viwe na kipenyo kisichopungua mara 20 ya unene wa waya, yaani sentimita 20 kwa waya huu. Kapi dogo huuvunja waya kwa ndani, na kwa nje huoni.

Kila asubuhi, kabla ya mtu wa kwanza kushuka, waya upitishwe taratibu huku mtu akiukagua. Nyuzi zilizokatika, kutu, mkunjo au mahali palipopungua unene ni sababu ya kuubadilisha.

Wenye theluji na wenye mbao

Tatizo la kuinua watu kwa bei nafuu halikuanzia kwetu. Mwaka 1934 huko Woodstock, jimbo la Vermont, Marekani, watu waliopenda kuteleza kwenye theluji walichoka kupanda kilima kwa miguu. Wakafunga kamba ndefu inayozunguka na kuiendesha kwa injini ya gari la Ford. Miaka miwili baadaye, mwaka 1936, huko Sun Valley, Idaho, mhandisi wa reli aitwaye James Curran akatumia wazo la mitambo ya waya iliyokuwa ikipakia mikungu ya ndizi melini. Aliondoa ndizi, akaweka viti.

Hata hapa nchini waya ulibeba mzigo zamani. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walijenga njia ya waya kutoka Shume, milima ya Usambara, hadi Mkumbara, kushusha mbao kwenye reli.

Hadi leo vilima vidogo vya michezo ya theluji hununua viti vilivyotumika kutoka kwa vile vikubwa. Bei ya mtambo wa mtumba huwa ndogo. Kinachomaliza pesa ni kuusafirisha, msingi wa zege, waya mpya, ukaguzi na fundi wa kila mwaka. Fundisho hilo linatufaa anayeuziwa winchi ya mtumba Geita au Kahama. Swali la kwanza lisiwe bei. Uliza breki yake ni ya aina gani, vipuri vinapatikana wapi, na nani ataikagua.

Mwaka 2019, Naibu Waziri wa Maliasili na Utalii wa wakati huo, Constantine Kanyasu, ambaye pia alikuwa Mbunge wa Geita Mjini, alieleza kwamba serikali inafikiria kuweka usafiri wa waya Mlima Kilimanjaro. Waongoza watalii na wapagazi wakapinga, na nchi nzima ikajadili. Huku kwetu, watu wananing'inia kwenye waya kila asubuhi na hakuna mjadala.

Nani alipe?

Hapa ndipo penye kiini. Machimboni kuna mwenye leseni, kuna mwenye duara anayegharamia chakula, matimba na baruti, na kuna wachimbaji wanaolipwa kwa mgao wa viroba. Mgao hutofautiana kutoka machimbo hadi machimbo. Anayenunua winchi siyo anayening'inia, na anayening'inia hana sauti ya kuchagua. Mwenye duara naye hajui kama mwamba utalipa, hivyo anaogopa kutumia pesa kabla ya kuona dhahabu.

Njia inayoonekana kuwezekana ni kuchangia. Maduara ya jirani ndani ya leseni moja mara nyingi hufuata mwamba uleule. Badala ya kila duara kuwa na winchi mbovu ya watu, matatu yanaweza kuwa na shimo moja zuri la watu, lenye ngazi, kizimba na breki ya uhakika, na mengine yakabaki ya viroba.

Tuchukue mfano wa hesabu, na hizi si bei za dukani. Tuseme shimo hilo na vifaa vyake ni shilingi milioni 9. Kila duara linachangia milioni 3. Kama kila duara linapandisha viroba 300 kwa mwezi, kwa miezi 10 ni viroba 3,000. Hiyo ni shilingi 1,000 kwa kiroba. Gharama hiyo ikitolewa kabla ya mgao, kila mmoja amelipa kidogo, na hakuna wa kusema ameonewa.

Faida ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Maduara yaliyounganishwa chini yana njia zaidi ya moja ya kutokea. Duara moja likiziba, watu wanatokea jingine.

Kikwazo tunakijua. Wenye maduara hawapendi kutoboleana. Wanahofia jirani kuingia kwenye mwamba wao, na ugomvi wa mipaka chini ya ardhi ni mgumu kuamua. Hilo halimalizwi kwa winchi bali kwa makubaliano ya maandishi, mipaka iliyopimwa, na ushauri wa ofisi ya madini kabla ya kutoboa, maana kuunganisha bila utaalamu kunaweza kudhoofisha mwamba wote.

Sheria inasemaje?

Chini ya Sheria ya Madini na kanuni zake za usalama za mwaka 2010, mwenye leseni ana wajibu juu ya usalama wa waliomo kwenye eneo lake. Hawezi kusema duara ni la mtu mwingine. Tume ya Madini ina maafisa madini wakazi, wakiwemo wa Geita, Kahama na Shinyanga, na wana mamlaka ya kusimamisha duara lenye hatari. OSHA, kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, hukagua vifaa vya kunyanyulia.

Wengi huogopa kuwaita wakaguzi kwa hofu ya kufungiwa. Tunaielewa hofu hiyo, kwa kuwa siku moja ya kufungwa ni siku ya njaa kwa watu wengi. Ndiyo maana tunasema ukaguzi wa kwanza wa winchi mpya ungefaa uwe wa ushauri, kabla ya kuwa wa adhabu. Vyama vya wachimbaji vya mikoa vinaweza kulibeba ombi hilo. STAMICO tayari ina vituo vya mfano vya wachimbaji wadogo Lwamgasa na Katente, ambako uchenjuaji unafundishwa. Winchi moja ya watu iliyofungwa vizuri kwenye eneo la mafunzo, mtu akaiona na kuigusa, ingefundisha kuliko semina kumi.

Maswali matano kabla ya kushuka

Kwa ndugu zetu wachimbaji wanaosoma haya kwenye simu, haya unaweza kuuliza kesho asubuhi bila senti mfukoni.

Umeme ukikatika sasa hivi, kizimba kitasimama au kitashuka?

Nani ameukagua waya leo, na ameukagua wote au wa juu tu?

Kengele zetu zina maana gani? Kila machimbo yana utaratibu wake, ila mlio mmoja wakati winchi inatembea uwe kusimama, na maana za mingine ziandikwe ubaoni juu na chini.

Mwendeshaji wa winchi ni nani leo, amelala usiku, na kuna mtu wa kumpokea?

Nikiwa chini na winchi ikafa, natokea wapi?

Ukikosa jibu la swali la mwisho, bado hujawa na duara la kufanyia kazi. Mwambie msimamizi, mwambieni mkiwa wengi, na mwambieni kabla ya kushuka. Mwenye duara naye ajue kwamba ngazi yenye majukwaa, mkanda mmoja na breki moja ya springi ni gharama anayoweza kuipanga mwezi huu, kabla winchi haijaanza kubeba mtu yeyote.